Nafasi ya Mama Farhiya

Ilipokaribia saa saba, Mama Farhiya alinawa miguu kwa maji ya dumu, akakung'uta majani ya chinsaga, mboga ya Wakisii, yaliyonasa kwenye dera lake, akasema lile alilosema kila Ijumaa.

"Mama Lavender, niangalilie."

Kemuma, mama yake Lavender, naye kama kila Ijumaa akasogeza stuli yake hadi katikati ya vibanda viwili: ndizi zake kushoto, mboga za jirani kulia. Angeuza zote mpaka swala iishe. Walikuwa wamefanya hivyo miaka kumi na moja.

Stuli haijapata joto, karani wa soko akatokea na daftari. Nyuma yake alikuja Osoro, mwenyekiti wa kamati.

"Tunaandika watu wa kupewa vibanda soko jipya," karani akasema. "Mtu anaandikwa akiwa amesimama kwenye nafasi yake. Asiyekuwepo, tunaweka mwingine."

Akamwandika Kemuma, kisha akageukia upande wa mboga. "Na hapa?"

"Ameenda msikitini. Atarudi sasa hivi."

Osoro akacheka kidogo, bila ubaya, kama anavyocheka akichagua ndizi. "Hao Wasomali wana ndugu zao Nairobi wenye maduka ya ghorofa. Hawakosi pa kwenda. Lavender wako si alimaliza chuo? Au sasa anasomea kufuga kuku huko nyumbani Kiogoro? Karani, andika Lavender."

Kemuma alikuwa ameshika fungu la chinsaga. Akilini alimwona binti yake nyumbani, mwaka wa pili sasa bila kazi, akifagia uwanja ambao tayari ni safi. Akaangalia njia ya msikitini. Hakusema ndiyo. Hakusema la pia, na kalamu ya karani haikungoja.

Mama Farhiya alirudi na sambusa mbili kwenye gazeti. "Nani alikuja?"

"Wateja tu."

"Umemaliza mboga zote. Wewe unanifaa kuliko mume." Akaketi, akavuta kikapu cha chinsaga za kesho, vidole vyake vikaanza kuchambua majani kutoka kwenye vijiti, haraka, bila yeye kuvitazama. Wageni wa soko walipenda kumtania: Msomali akichambua chinsaga, Wakisii wakauze maziwa ya ngamia? Yeye huwajibu kwa Kigusii, na kwa kawaida wanaishia kununua.

Kemuma aliifunga sambusa yake kwenye gazeti, akaanza kupanga ndizi upya.

Kesho yake ilikuwa Sabato. Ndizi zake zilibaki sokoni zimefunikwa turubai, na kama kila Jumamosi, Mama Farhiya alizilinda bila kuuza hata moja. Mteja akiomba, humwambia, "Mwenyewe yuko na Mungu wake. Njoo kesho." Mwaka ule wa kwanza Kemuma alimuuliza kwa nini asiuze kimyakimya, naye akashangaa. "Nikuingize dhambini kwa mkono wangu?"

Maneno hayo ndiyo yaliyomjia kanisani. Kwaya ilisimama, akasimama nayo, kitabu cha nyimbo kikiwa wazi kwenye ukurasa usio wake. Jumapili alipanga kusema. Lakini asubuhi kulikuwa na wateja, mchana kukawa na mvua, na jioni Mama Farhiya alikuwa anaumwa goti, na nani humwambia mtu jambo kama hilo akiwa anaumwa?

Jumatatu, karani alipanda juu ya kreti ya soda, akasoma majina. Kemuma Mose. Lavender Mose. Aliendelea mpaka mwisho, akafunga daftari. Jina la Mama Farhiya halikusomwa. La Mohamednoor, fundi wa viatu, halikusomwa pia, wala la yeyote aliyekuwa msikitini saa ile.

Mama Farhiya alimtazama Kemuma mara moja tu. Kisha akaketi, akaendelea kuchambua.

Kemuma hakujua miguu yake imemfikisha lini mbele ya kreti. "Ijumaa mlifika kibandani," akasema, na sauti ilikuwa ndogo hata ikabidi waliokuwa nyuma wanyamazishane. "Mliniuliza pale ni pa nani. Ni pa Mama Farhiya. Mlipomwandika mtoto wangu pale, nilinyamaza. Futa Lavender."

"Mama, orodha imefungwa," Osoro akasema. "Tulisema asiyekuwepo—"

"Na kama mngekuja Sabato?" Huyo alikuwa Nyanchoka wa nyanya, mikono kiunoni. "Nusu ya soko hili tuko kanisani. Mngemwandika nani kwenye nafasi yangu, mwenyekiti? Shemeji yako?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka. Nyanchoka akapindua ndoo yake tupu, akaikalia palepale mbele ya kreti. Mwingine akaketi kando yake juu ya gunia. Kisha Mohamednoor, na nyundo yake mkononi. Njia ikazibika.

Karani akamtazama Osoro. Osoro akatazama saa. Mwishowe karani akafungua daftari, akapiga mstari juu ya jina la Lavender. "Haya. Tuanze na huyu. Jina lake kamili?"

Kemuma akafungua mdomo. Alijua huyu mwanamke hanywi chai isiyo na tangawizi. Alijua goti gani huuma wakati wa mvua. Alijua siku aliyozaliwa Farhiya.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kumuuliza."

Mama Farhiya akainuka polepole, akakung'uta dera. "Ubah Jibril," akamwambia karani, akangoja mpaka akamaliza kuandika. Ndipo akamgeukia Kemuma, na akasema kwa Kigusii, bila kupandisha sauti:

"Ungetuma mtu msikitini aniite, Mama Lavender. Ningekuja mbio, hata bila viatu. Na nafasi ya Lavender tungeitafuta sote wawili."