Mkono wa Impi

Outi alikuwa ameketi jikoni kwake, ghorofani, mtaa wa Kallio, Helsinki, kompyuta kaiegemeza kwenye mkebe wa kahawa. Maabara alikofanya kazi ilikuwa imefungwa tangu ugonjwa wa mlipuko uingie mjini. Wazee waliozoea kuja kupimwa kumbukumbu na wepesi wa akili walitumiwa kompyuta ndogo kwa posta, ili wapimwe majumbani mwao kupitia mtandao. Outi ndiye aliyekuwa akiwapima miaka yote. Akisikia viatu kwenye korido, alijua ni nani anakuja.

Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya Impi, mjane wa kijiji cha Hiisilampi, kule misitu inakokaribia mpaka wa nchi, na mtandao unakofika ukihema. Picha yake ilitokea vipande vipande, kwanza kitambaa cha kichwa, halafu miwani, na tabasamu mwisho kabisa.

"Unanisikia, Impi?"

Outi alipokwisha kukata tamaa, sauti ikafika. "Nakusikia, mwanangu. Mbona umekonda? Unakula wewe?"

"Nakula."

"Mwongo."

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi. Nyota ikitokea kwenye kioo cha kompyuta, mzee abonyeze kitufe papo hapo, na kompyuta ipime amechelewa kiasi gani. Kule maabara Impi alikuwa akibonyeza kama mtu anayeua mbu. Sasa nyota ilichelewa kumfikia, kidole chake kikachelewa kurudi, na kila jibu likaandikwa: mzito, mzito, mzito sana. Majibu hayo yalikuwa yakisubiriwa na daktari wa wilaya, kwa sababu Impi alitaka kuhuisha leseni yake ya udereva, na duka la karibu lilikuwa mwendo wa saa nzima kwa gari.

"Nimebonyeza!" Impi alifoka. "Hiki kidubwasha chako kinanisingizia."

"Si wewe, ni mtandao."

"Basi uambie usogee."

Mtandao haukusogea. Nyota iliyofuata ilipotokea, mkono wa Impi ulitoka kwenye kioo cha Outi mpaka kiwikoni, umevaa sweta ya kijivu, unga umekauka kwenye kucha. Ukabonyeza kitufe cha kompyuta ya Outi bila kuchelewa hata kidogo. Outi akasogeza kikombe chake, usije ukakipindua.

Wakaendelea hivyo mpaka nyota zikaisha. Mkono haukurudi mara moja. Ulipapasa meza, ukakuta sahani yenye makombo ya mkate mkavu, ukaingia ndani ya kioo, ukatoka tena na andazi la iliki, bado la moto. Kisha ukamgusa Outi shavuni, taratibu, kama unaotafuta homa. Tangu maabara ifungwe hakuna mtu aliyekuwa amemgusa. Alitulia tuli mpaka mkono ulipomaliza.

Mchana alimpigia simu Profesa Kalervo, mkuu wa utafiti.

"Majibu ya mwanzo ya Impi yafutwe," alisema. "Yanapima mtandao, hayampimi yeye. Ya mwisho ndiyo sahihi, alibonyeza kwenye kompyuta yangu."

"Alikuja Helsinki?"

"Hapana. Mkono tu."

Kalervo akashusha pumzi. "Outi, utaratibu unasema abonyeze kwenye kifaa alichotumiwa. Akitumia kingine, awe mzima au mkono tu, jibu si halali."

"Lakini wazee wote wa kule wanatoka wazito!"

"Ndiyo hivyo. Angekuwa mmoja, tungesema ni kosa. Wakiwa wote, hayo ni matokeo."

Outi alimpigia na daktari wa wilaya. Daktari alimsikiliza kwa upole, akasema anaye mgonjwa mwingine ambaye mkono wake hufanya vivyo hivyo, ila yeye hufuata namba alizoletewa.

Leseni ilichukuliwa kabla ya kiangazi.

"Gari liko uani," Impi alimwambia. "Kuku wamelipenda."

Outi akaanza kulia. Mkono ukatoka na leso, ukamfuta jicho moja, kisha la pili.

"Usililie mashine, mwanangu, utaiunguza."

Vuli ilipofika, makala ya Kalervo ikatoka. Ilieleza kwamba akili za wazee wa misituni huchoka mapema, na watu waliisifu sana. Wazee wa Hiisilampi waliendelea kupimwa kwa njia ileile, na kuonekana wazito vilevile.

Siku hizi kila Alhamisi, siku ya kumpima Impi, Outi hupita dukani kwanza, ndipo afungue kompyuta. Kahawa hupita kwenye kioo bila shida, na samaki wa moshi pia. Wiki iliyopita alipanda treni kwenda kutafuta mfuko wa chakula cha kuku, akaubeba begani mpaka ghorofani. Mfuko ulikwama kwenye ukingo wa kioo. Outi akasukuma huku, Impi akavuta kule, mpaka ukapenya wote na mkono ukatoweka nao. Outi alikuwa ameshakaa kitini, anapangusa pumba mezani, sauti ya Impi ilipowasili:

"Taratibu, mwanangu, taratibu, usije ukaumia mgongo."