Penseli Iliyohama Sikio

"Mdomo wako ungekuwa friji, Mama Cherehani, ningekutengenezea bure. Mlango haufungi."

"Usinigeuzie mambo. Umekata bomba chini ya dirisha langu, gesi imetoka fsss, halafu unaniletea masihara?"

Fundi Barafu alikuwa amechuchumaa uani, nyuma ya friji kuukuu. Wapangaji walishatoa vichwa milangoni. Ugomvi wa hawa wawili ndio ulikuwa redio ya nyumba nzima. Kosa lake alilijua. Chuoni walifundishwa kuivuta gesi kwa pampu na kuifungia mtungini. Lakini pampu hula nusu saa, na siku hizi hata dakika tano za kutulia zilimshinda.

"Hata harufu haina," alisema.

"Nani kataja harufu? Gesi ya mafriji haya ya zamani ndiyo inayotoboa ozoni, lile tabaka la huko juu linalotuchujia jua. Sasa katika ua huu, nani analihitaji zaidi? Mimi mweusi tii, au wewe?"

Vicheko vikafa. Fundi Barafu alizaliwa na ualbino, na uani hapo hakuna aliyewahi kumtania kwa hilo. Mama Cherehani ndiye aliyemshonea kofia ya ukingo mpana, ila kichwa chenye kofia ile hakipenyi nyuma ya friji, basi kazini huitundika msumarini.

"Na penseli yako imehama," mama akaendelea, sauti ameishusha. "Miaka yote inakaa sikio la kulia. Huu mwezi wa pili iko kushoto. Nashinda dirishani nikishona nguo, mwanangu. Macho sijayashona."

Mkono wa Fundi Barafu ukaruka wenyewe hadi kwenye plasta ya sikio la kulia. Kila asubuhi alijipaka mafuta ya kukinga jua usoni, shingoni, mikononi. Sikio la kulia akalinyima, maana penseli iliteleza. Sikio moja tu, litamfanya nini? Kikaota kigaga. Akakikuna, kikatoka damu, kikakauka, kikatoka tena.

"Kitapona."

"Kinachopona hakifichwi. Kliniki ya ngozi ni leo, na saa saba wanafunga."

"Mwenye friji anakuja saa nane."

"Atakunywa maji ya uvuguvugu. Hajafa mtu."

Fundi akashika bisibisi, akaiweka. Akalizunguka friji mara mbili kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kisha akavaa kofia, akatoka bila kuaga.

Kliniki benchi lilimkataa. Aliisubiri zamu yake akipima korido kwa miguu. Daktari akamulika sikio, akaguna, akamdunga ganzi, akakata kipande kidogo cha kupima. Inaweza kuwa saratani, alisema, na kama ndiyo, huenda bado haijazama, wataiondoa. Majibu wiki ijayo. Angengoja mwaka, mazungumzo yangekuwa mengine.

Aliporudi, bandeji ikiwa imevimba kama andazi, majirani walijitia kufua. Akasimama kando ya friji. Kuligusa hakuweza. Kuingia chumbani kwake, yeye na hiyo wiki peke yao, hakuweza pia.

Cherehani ikanyamaza.

"Wanasemaje?"

"Nisubiri wiki nzima, mama."

"Na utaisubiri umesimama?" Akasogeza pazia la mlango kwa kiwiko. "Nawa mikono. Watoto wanaikodolea macho sufuria tangu saa saba, nimewaambia hafunui mtu mpaka urudi. Ingia tule."