Kanuni ya Bwana Mlango

Wanafunzi walimwita Bwana Mlango, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Zamani, akiwa mhadhiri kijana, mhadhara wake ulifutwa kimyakimya, akakuta ukumbi umepigwa kufuli. Alipopewa ukuu wa shule ya masomo ya kimataifa pale chuoni, jambo la kwanza lilikuwa kupitisha kanuni: atakayefuta mhadhara wa mwenzake asimame mlangoni yeye mwenyewe, awaambie waliokuja sababu. Kila mwaka aliwasimulia wanafunzi wapya habari hiyo, kifua mbele, na kusema kweli alikuwa na haki ya kujivunia.

Leo aliyesimama mlangoni ni yeye.

Wageni wa chuo rafiki cha ng'ambo walikuwa wamekuja kutia saini mkataba wa kubadilishana wanafunzi. Siku hiyohiyo mhadhiri mmoja wa kike, ambaye Mkuu alimfundisha tangu mwaka wa kwanza, alipanga kuzungumzia wahadhiri waliofungwa jela katika nchi ya wageni hao. Hakuna aliyelalamika. Ubalozi haukupiga simu, wageni hawakuandika neno. Ni Mkuu tu, kwa kiherehere chake, aliyeanza kuwaogopa hata hawajapanda ndege. Akautoa mhadhara kwenye ratiba, akawatumia wageni ratiba mpya, akamwambia mhadhiri kwamba watatafuta siku nyingine. Mhadhiri hakubishana. Aliuliza tu kama Mkuu atasimama mlangoni, naye akamjibu kwa ukali kwamba kanuni ni yake, anaijua.

Basi wanafunzi wakaja na madaftari yao, na alipofungua kinywa, akatoa sababu nyingine.

"Mhadhiri wenu anaumwa," alisema. "Sauti imemkauka."

Wakampa pole, wakatawanyika. Nyuma yao akabaki mama mmoja mwenye mvi, miongoni mwa wageni, profesa wa historia aliyejifunza lugha yetu tangu ujana wake. Mkononi alikuwa na ratiba ya kwanza, mhadhara ule umepigiwa mstari.

"Huu ndio nilioufuata," alisema polepole. "Mdogo wangu yumo kati ya hao waliofungwa. Kwetu hakuna mahali ninapoweza kukaa kitini nikasikia jina lake likitajwa."

Ingetosha Mkuu aseme kwamba aliyeufuta ni yeye, na mhadhiri yuko ghorofa ya juu, mzima kabisa, anasahihisha mitihani. Lakini uongo ulikuwa umeshamtoka, na kuurudisha aliona haya. Akarudia kwamba anaumwa. Mama yule akafungua mkoba, akatoa kikopo cha pipi za kifua, akamwomba amfikishie mgonjwa.

Mkuu alipanda ngazi nacho taratibu. Alimweleza mhadhiri yote bila kuficha, macho yakiwa sakafuni. Mhadhiri alikitazama kikopo, hakukigusa.

"Mwalimu, mimi siumwi."

"Najua, mwanangu."

"Basi mrudishie, umwambie. Mimi nipo hapahapa, na karatasi zangu ninazo. Hata akiwa peke yake nitamsomea."

Mkuu akashuka, amekata shauri, njia nzima akiyapanga maneno. Chini wageni walikuwa wameshajipanga kwa ajili ya picha ya mkataba, na gari la kuwapeleka uwanja wa ndege lilikuwa linanguruma. Katibu wake akamvuta katikati, bega kwa bega na mama yule.

"Anaendeleaje?" mama alimnong'oneza.

Kikopo kilikuwa mfukoni, kimepata joto la kiganja chake.

"Hajambo sasa," alisema Bwana Mlango. "Amekushukuru sana kwa dawa."

Mpiga picha akawaomba watabasamu, naye akatabasamu.