Kuonja Skrubu

Mdogo wangu aliingia dukani bila hodi, akaibwaga bunduki juu ya meza ya kazi. Bunduki haibwagwi. Yeye ni askari wa wanyamapori, hilo analijua kuliko mimi, na ndiyo maana nikajua mara moja kwamba amekuja kwa shari.

"Ishike darubini yako," akaniambia. "Ishike uitikise."

Nikaishika. Ikacheza. Darubini niliyoifunga kwa mikono yangu, kwa ajili ya ndugu yangu wa tumbo moja, ilikuwa inacheza kama jino la mtoto.

"Nimemlenga nyati begani, risasi ikapiga kichuguu," akasema. "Akatujia. Mwenzangu anayefuata nyayo akarushwa huko, guu limevunjika, yuko hospitali. Wenzetu wasingemwahi yule mnyama, leo ungekuwa unanililia. Dada, ulifunga darubini au ulifunga kuni?"

Hapo damu ikanichemka, maana kazi ile sikuifanya kwa mzaha. Bunduki yake ni kubwa, inapiga teke kuliko punda. Nilisafisha matundu ya skrubu kwa spiriti mpaka mafuta yote yakatoka. Nikafunga kikalio, yaani kile chuma kinachobeba pete, nikaweka pete, nikalaza darubini, nikakaza skrubu kwa kupishana, kidogo huku kidogo kule, pete zisije zikauma upande mmoja. Kila skrubu niliitia tone la gundi. Gundi hiyo nimeanza kuitumia msimu huu. Zamani duka hili lilitegemea nguvu za mkono na dua. Gundi ikishakauka, bunduki ipige teke itakavyo, skrubu haitoki. Mwisho nikachora mstari mwembamba wa rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Skrubu ikizunguka, mstari unakatika na jicho linaona.

Baba mkwe hucheka sana akiiona rangi ile. Duka ni lake, na kazi hii ni yeye aliyenifundisha, mume wangu alipochagua malori badala ya bunduki. "Mwanangu," huniambia, "skrubu zako zinakwenda harusini?" Namwacha acheke. Bunduki ya mdogo wangu niliijaribu kwenye shabaha, ikapiga pale pale nilipotaka, nikaifungia kabatini mpaka alipokuja kuichukua.

Sasa mistari yangu yote ilikuwa imeachana njia. Nikafungua skrubu ya kwanza, nikaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ya meno yake kulikuwa na unga mweupe. Basi gundi ilikuwepo, ilikauka, halafu ikavunjwa. Na hiyo haivunjwi na teke la bunduki. Inavunjwa na mkono.

"Uliifungua," nikamwambia.

"Mimi?"

"Kwani bunduki ina vidole? Ulifungua redio ya baba ukasema imejiharibu yenyewe. Ulifungua saa ya ukutani, hadi leo inasoma saa sita. Hukuweza kuiacha, eti?"

"Sikuigusa!" Akapiga meza kwa kiganja, bisibisi zikaruka. "Naapa kwa kaburi la mama, sikuigusa!"

Kwetu kaburi la mama haliapiwi ovyo. Nikaiweka skrubu mezani, lakini hasira haikutulia. Kama si yeye na si mimi, ni nani?

Baba mkwe alikuwa kwenye kigoda chake pembeni, anapangusa mtutu kwa kitambaa. "Acheni kelele dukani kwangu," akasema. "Mwanangu, nilikwambia. Tegemea mkono, usitegemee vimanukato vya kwenye chupa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Jamani! Aliyevunjika guu ni kijana wa watu, hajawahi kubishana na mkuu yeyote dukani humu. Nikameza jibu langu, likashuka likiniunguza.

Mama mkwe naye akatokea mlango wa nyuma, mikono ina povu la sabuni. Akanivuta pembeni. "Kubali tu, mwanangu, yaishe. Funika kombe. Ni ndugu yako, atakusamehe."

"Anisamehe nini, mama? Nimefanya nini?"

"Sasa unataka tumlaumu nani? Mzee?" akasema, kwa kutania tu, akarudi kwenye nguo zake.

Mdogo wangu akaanza kuikusanya bunduki. Akasema anaipeleka kwa fundi mwingine. Hakupiga kelele tena, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu mtu akikugombeza bado ana haja na wewe. Baba mkwe akadakia kwamba kuanzia sasa bunduki kubwa atazifunga mwenyewe. Mimi nirudi kupiga msasa vitako vya mbao. Yaani ndani ya asubuhi moja nimepoteza ndugu na nimepoteza kazi, kwa kosa ambalo silijui hata sura.

Nikaushika mtutu. "Haiondoki," nikasema. "Naifunga tena sasa hivi, mbele yako. Kaa utazame mpaka mwisho. Gundi ikauke, kesho uje tuipige shabaha pamoja. Ikicheza, navua aproni hii na siivai tena."

Akavuta kiti, akakaa.

Nilifunga huku nimekunja uso. Spiriti, kikalio, pete, gundi, mstari mwekundu. Mdogo wangu aliinama juu ya kila skrubu kama anasaka kunguni. Tulipomaliza, nikaifungia kabatini, na ufunguo nikampa yeye aondoke nao.

Kesho yake alikuja mapema, akafungua kabati mwenyewe. Tukaitikisa darubini: kimya, imara. Akaibana bunduki kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, nami nikageuka kuchukua visikio vya kuzibia masikio, maana vilikuwa kwenye rafu nyuma yangu.

Nikasikia, "Tak."

Ni sauti ndogo, kama ya njiti ya kiberiti ikivunjwa. Nikageuka. Baba mkwe alikuwa ameondoka kigodani, ameinama juu ya bunduki, bisibisi yake ya mpini wa pembe iko kwenye skrubu. Ameilegeza robo ya mzunguko, sasa anairudisha taratibu, amebana jicho moja, mpaka mstari wangu mwekundu ukakutana sawasawa, huwezi kujua kama uliwahi kuachana.

"Mzee," mdogo wangu akamwuliza, tena kwa upole kabisa, "unafanya nini?"

"Naionja." Hata hakuinua kichwa. "Skrubu huwezi kujua kama imekaza mpaka uilegeze kidogo, kisha uirudishe. Mkono ndio unaokwambia."

"Na ile ya mwanzo? Nayo uliionja?"

"Zote naonja." Alisema kwa fahari. "Hakuna kazi inayotoka dukani humu bila kupita mkononi mwangu."

Nilivirusha visikio chini. Sijawahi kumpandishia sauti baba mkwe, na siku ile niliipandisha mpaka majirani wakasimama mlangoni. "Hiyo tak uliyoisikia ndiyo gundi! Umeivunja! Ukiirudisha hairudi, Baba! Unaona mstari umenyooka, ndani hakuna kilichoshika! Umemtuma mdogo wangu kwa nyati na darubini isiyofungwa, kisha umekaa pale na kitambaa chako, unanipigia methali!"

Mama mkwe akaja mbio. "Mwanangu, heshima!"

"Heshima gani? Jana mliniambia nikubali!"

Baba mkwe aliitoa ile skrubu nje kabisa, akaisogeza karibu na jicho. Unga mweupe ukamwangukia kwenye kidole gumba. Akaupangusa, akautazama tena. Uso wake ulibadilika, nami sikumwonea huruma.

"Yule kijana," akamwuliza mdogo wangu, "ni mguu gani?"

"Wa kulia."

Akavua aproni. "Nipeleke."

Mdogo wangu alinitazama. Akanishika bega, akasema, "Dada, nisamehe," kisha akamfuata mzee. Nikabaki na bunduki, nikaanza upya kwa spiriti, huku nalia kwa hasira na machozi yanadondokea chuma nilichokwisha kukisafisha, ikabidi nisafishe tena.

Walirudi jioni. Alichoambiwa hospitali baba mkwe hakukisema, nami sikuuliza. Alikaa kigodani, mikono kaibana katikati ya magoti, macho kwenye ile mistari mipya myekundu.

"Kusanya bisibisi zote," akaniambia. "Na yangu ya pembe. Tia sandukuni, piga kufuli, ufunguo kaa nao wewe."

"Baba, si basi tu usiziguse?"

"Najua sitakiwi kuzigusa. Mkono ndio haujui."

Nikazikusanya. Nikafunga sanduku, nikageuza ufunguo. Bado nilikuwa na hasira, nataka lieleweke hilo. Kisha nikaivuta kufuli kwa nguvu, kuona kama kweli imeshika.

"Umeionja," akasema pale kigodani.

Nilitia ufunguo mfukoni, nikaenda kuzima taa za duka.