Nyumba Inayofungwa Kabla ya Giza

Katsuva alikuwa mtu wa kufunga, na mtaani Saio, mjini Bunia, hakuna aliyekuwa hajui hilo. Jua likianza tu kulegea, watu wengine wakiwa bado barabarani wakinunua mkate na kusalimiana, yeye alikuwa tayari anaizunguka nyumba yake akibana madirisha, akisukuma kila komeo kwa kiganja na kulijaribu tena, kana kwamba komeo nalo linaweza kumdanganya. Majirani walimtania.

"Papa Katsuva, jua bado iko!"

"Ibakie inje," aliwajibu. "Siye tunaingia."

Walicheka. Na wengi wao, tusifichane, walirudi makwao wakafanya vilevile, ila wao walingoja kwanza awape mgongo.

Sababu alikuwa nayo. Mwaka ule wa vita, watu walipokuwa wakikimbia na magodoro vichwani, mkewe Alphonsine alikuwa na homa kali isiyomruhusu hata kusimama, na binti yao Aimée alikuwa bado ananyonya. Kukimbia hakukuwezekana. Juu ya kila dirisha la nyumba yao palikuwa na matofali yenye vitobo vya kupitishia hewa, yale ambayo mafundi wa Bunia huyaita klostra. Siku hiyo Katsuva aliviona vile vitobo, akawaza macho ya watu wanaochungulia. Akachanganya saruji mwenyewe, yeye muuza misumari na mabati ambaye hakuwahi kushika mwiko wa fundi, akaviziba vyote. Wakakaa ndani kimya mpaka mitaa ikatulia. Nyumba haikuingiwa. Risasi moja ilipiga juu ya dirisha la chumba cha kulala ikanasa kwenye saruji yake, na tangu hapo aliwaonyesha wageni alama ile kama wengine wanavyoonyesha picha ya harusi.

Sasa kulikuwa na amani, ile amani ya Bunia: maduka yamejaa, harusi zinapigwa Jumamosi, lakini habari za usalama wa barabara ya Iga Barrière zinaulizwa kila asubuhi kabla ya chai. Katsuva hakuona sababu ya kubomoa saruji yake.

Shida ilikuwa joto. Nyumba haikuwa na dari. Mchana kutwa mabati yalikunywa jua, na jioni, madirisha yakishafungwa, yalianza kulitapika juu ya watu. Watoto walitandika mikeka kwenye sakafu. Ndugu waliokuja kutoka Butembo, watu wa baridi ya milimani, walikula haraka wakaomba njia. Hilo lilimuuma Katsuva kuliko joto lenyewe, kwani alipenda wageni.

Basi akaagiza kiyoyozi kutoka Kampala, au klima kama wanavyosema kwake. Kwa kukosa fundi, kilikaa sebuleni ndani ya sanduku lake, kimefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na juu yake maua ya plastiki. Aliposikia kwamba mjini kumefunguliwa mafunzo ya ufundi wa baridi na hewa, ya kupanga nyumba ziwe na ubaridi bila kula umeme ovyo, alimwandikisha Aimée siku hiyohiyo.

"Enda ujifunze," alimwambia, "urudi unifungie klima yangu."

Aimée alikwenda, na mafunzo yakamwingia. Mwalimu wao, Hubert, mtu wa Kisangani mwenye sauti ya kanisani, hakuwaruhusu kugusa mashine yoyote kabla hawajajua kuhesabu joto la nyumba: lipi linatoka kwenye paa, lipi kwenye kuta, lipi kwa watu waliolala ndani. Msichana akawa anarudi nyumbani na mita mfukoni na kipimajoto mkononi, akipima hadi unene wa mlango. Alphonsine alilalamika kwamba hata sufuria zake hazina faragha tena.

Kazi ya mwisho ya mafunzo ilikuwa hii: kila mwanafunzi achukue nyumba moja ya kweli, ahesabu joto lake, achore dawa yake, aijenge, kisha aitetee mbele ya wakaguzi, humohumo ndani ya nyumba. Asiye na nyumba hana cheti. Aimée alikuwa ameahidiwa nyumba moja kule Ngezi, lakini ikapata mpangaji ambaye hakutaka vumbi. Ikabaki ya baba yake.

Alasiri moja aliegemeza ngazi ukutani sebuleni.

"Papa, panda hapa."

"Miye? Juu ya nini?"

"Panda tu. Kisha weka mukono karibu na manjanja."

Katsuva akapanda, akanyoosha mkono kuelekea kwenye yale mabati, akaurudisha upesi.

"Eh! Hii ni mbabula ya makaa!"

"Ndiyo, njo vile. Munalala chini ya mbabula. Nikifunga klima, itapigana na manjanja mchana yote, jenereta itakunywa mafuta, na ukizima tu, joto inarudi. Tunapashwa kuanza na paa."

Akamweleza. Dari ya mbao nyembamba. Juu ya dari, unga wa mbao kutoka kwa wapasua mbao, uchanganywe na chokaa ili mchwa wasiusogelee. Kwenye ncha mbili za paa, matundu ya kutoa hewa moto. Katsuva aliitikia kila kitu kwa kichwa; mali zote hizo, isipokuwa unga wa mbao, zilikuwa dukani kwake.

"Na klostra," Aimée akamalizia. "Nitazifungua."

"Hapana."

"Papa, bila hewa ya chini, ile ya juu haiwezi kutoka, na siye tunabakia kupumua..."

"Nimesema hapana, Aimée. Ile matundu, njo miye nilifunga na mikono yangu. Joto haijaua mutu mu nyumba hii."

Katsuva akashuka, na Aimée akaiondoa ngazi yake. Kwa siku kadhaa baba na binti walisalimiana kama watu wa ofisi.

Usidhani Katsuva alikuwa na moyo wa jiwe. Kilichomsumbua kilikuwa kitu kingine, na alimwambia Alphonsine peke yake. Alikuwa amesikia wanafunzi wenzake Aimée wakizungumza uani. Wote walikuwa wameandika jambo moja katika michoro yao: usiku, madirisha wazi, baridi ya Bunia iingie bure. Ndivyo Hubert alivyofundisha. Na mmoja wao alicheka, akawasema wazee wanaojifungia kama mihogo kwenye chungu.

"Ataniachia haya," alisema Katsuva. "Atasimama mbele ya batu ya mujini aseme, baba yangu iko na woga. Mu nyumba yangu!"

"Basi mukatalie," akajibu Alphonsine, akichambua majani ya sombe bila kuinua uso. "Lakini umuambie weye mwenyewe kama anakosa cheti juu ya matofali."

Katsuva akainuka, akaenda kulijaribu tena komeo la mlango.

Aimée ndiye aliyerudi wa kwanza, na hakurudi na maneno. Alijenga uani kipande cha ukuta juu ya ubao, kwa matofali makavu. Kwa kweli vilikuwa vikuta viwili vilivyoachana kidogo. Kile cha nje kilikuwa na tundu chini. Cha ndani kilikuwa na tundu juu. Na katikati, wavu wa chuma. Akawasha kijiti cha ubani mbele ya tundu la nje. Moshi ukaingia chini, ukapanda, ukatokea juu upande wa pili.

"Hewa inapinda," alisema. "Risasi haijue kupinda."

Katsuva akainama, akachungulia tundu. Akaenda kuleta tochi, akaiweka kwenye tundu la nje, akamwamuru mkewe achungulie upande wa ndani. Mwanga haukupita. Akajaribu mkono. Ukaingia mpaka kiwiko, ukagota, na ulipogota ukakataa kutoka. Ilibidi Aimée aondoe matofali mawili kumwokoa baba yake, huku Alphonsine akicheka hadi akakaa chini, na Katsuva mwenyewe, baada ya kujikaza kwa muda, naye akaangua kicheko.

Alipomaliza kujipangusa vumbi, uso ukarudi kuwa wa mzee mwenye nyumba.

"Utaanza na chumba yangu," alisema. "Kama kitu inapashwa kuingia, inikute miye mbele."

Aimée alianza na chumba hicho. Saruji yenye risasi hakuigusa; tundu jipya alilitoboa pembeni yake, akajenga vikuta viwili kama vile vya uani, na akafanya hivyo kila chumba, hata sebuleni. Kisha akapanda darini na magunia ya unga wa mbao, akashuka mweupe kwa chokaa, na mafundi wawili waliomsaidia wakajifunza upesi kwamba binti wa Katsuva hakubali mwanya hata wa ukucha. Asubuhi baada ya kazi kwisha, Katsuva alichelewa kuamka kwa mara ya kwanza tangu Alphonsine amjue. Jua lilikuwa limejaa uani. Mama wa watu akamsogelea mara mbili kuhakikisha kwamba mume anapumua. Klima nayo, kwa kuwa haikuwa na kazi tena, iliuzwa kwa mwenye famasi, ambaye dawa zake zilihitaji baridi kweli. Aimée mwenyewe ndiye aliyekwenda kupima chumba na kuifunga.

Lakini siku ya wakaguzi ilikuwa bado, na Katsuva aliiogopa. Alivaa koti lake la ibada, akakaa kwenye kiti cha pembeni kabisa. Hubert alikuja pamoja na Donatien, injenia aliyesomea Kinshasa, mtu mwembamba mwenye kipimajoto chake mwenyewe. Majirani walijaa mlangoni na madirishani. Waliokuwa wakimtania Katsuva kila jioni wote walikuwepo.

Aimée alisimama katikati ya sebule na mavazi yake ya kazi ya buluu, mchoro ukutani, akaeleza. Alisema joto la paa lilikuwa kiasi gani na sasa ni kiasi gani, hewa inaingilia wapi na kutokea wapi. Donatien alipima sebule, akapima nje, akatazama darini kwa tochi, akaitikia kwa kichwa. Kisha akasogea karibu na lile tundu la vikuta viwili, akalitazama kwa muda mrefu.

"Kazi ni safi, mademoiselle. Lakini matofali hii yote, ukuta mbili-mbili, ni ya nini? Ungeacha madirisha wazi usiku, ungepata hewa mingi kupita hii, na bure. Mwalimu wako alikufundisha vile. Juu ya nini ulijisumbua?"

Katsuva aliinamisha macho akatazama viatu vyake. Alihisi majirani wakimtazama, akajiandaa kusikia neno lile likitoka kinywani mwa mtoto wake.

"Mwalimu alitufundisha pia," alisema Aimée, "kuhesabu nyumba sawa vile iko, haiko sawa vile siye tunapenda ikuwe. Nyumba hii inafungwa mbele ya giza. Hiyo ni kipimo, sawa jua, sawa manjanja."

"Woga haiko kipimo," alisema Donatien, bila ukali.

"Haiko woga, Injenia. Wakati ya vita nilikuwa mutoto wa kunyonya, ndani ya nyumba hii. Maman alikuwa mugonjwa. Papa alifunga. Njo maana leo nasimama mbele yenu na mita mu mukono. Sasa nimuambie afungue, juu hesabu yangu inapenda vile? Hapana. Hesabu yangu njo ilipashwa kumufuata yeye."

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka dirishani: "Hata kwetu tunafunga!" Na ya mwingine: "Hata siye!" Na mwenye duka la jirani, aliyekuwa bingwa wa kumtania Katsuva, akainua mkono taratibu kama mtoto wa shule. Kicheko kikapita sebuleni, cha watu waliojikuta wote wamekamatwa kwa kosa moja. Hubert naye alicheka.

"Miye niko mutu wa Kisangani, mambo ya kufunga sikujua," alisema. "Mwaka kesho, mbele ya hesabu yote, tutauliza batu kwanza wanafunga saa ngapi."

Donatien alirudi kwenye kiti chake, lakini bado alikuwa na swali.

"Na siku amani inafika kabisa?"

"Madirisha iko," alijibu Aimée. "Siku ile mwenye nyumba atapenda, atafungua yeye mwenyewe. Nyumba itamungojea."

Donatien akaandika, akafunika kalamu, akageukia pembeni. "Na weye, papa, mwenye nyumba. Unatosheka?"

Katsuva alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mazuri juu ya dari na unga wa mbao, na yote yalimkimbia. Kifua kilimjaa furaha na fahari mpaka akahisi koti linambana. Miaka yote ile alikuwa akijieleza kwa watu kwa nini anafunga, na hakuna siku aliyoeleza vizuri namna hii.

"Miye niko baba yake," alisema.

"Tunajua, papa. Tunauliza habari ya nyumba."

"Nyumba mumeiona na macho yenu. Miye nawajibu habari ya mutoto. Huyu njo injenia wangu. Huyu hapa."

Wakaguzi walidhani amemaliza. Lakini Katsuva aligeukia mlango uliojaa majirani, akarudia kwa sauti kubwa, ili hata waliokuwa wakipita barabarani wasikie.