Siku ya Kufungua Paa

Mwaka huu ziwa liliingia hadi chumbani kwangu. Halikuja kwa kelele. Asubuhi nilishusha mguu kitandani, sala bado iko mdomoni, nikakanyaga maji.

Binti yangu Winny alipiga simu kutoka mtaa wa Obunga kule mjini, anakokaanga migongo ya samaki. "Mama, toka huko Asembo. Kuja tubanane hapa."

Nilimwambia sitoki. Nyumba hii tuliijenga mimi na baba yake, naye amelala kaburini pale nyuma ya jiko. Kama maji yanataka chini, basi mimi nitalala juu.

Nikamwita fundi Wesonga, mtu wa Busia. Alizunguka nyumba akiangalia juu, kisha akachora mchangani kwa kijiti.

"Paa lako ni refu, mama. Tunafungua mabati ya upande huu, tunainua kidogo. Tunalaza mbao juu ya kuta, tunapiga sakafu. Ngazi inapandia sebuleni. Hapa katikati utasimama wima. Huku pembeni utainama."

"Kuinama nimezoea. Na dirisha?"

"Unataka liangalie wapi?"

"Ziwani. Nataka niwe nikiliona likija."

Mbao zilikuwa zimeshushwa uani shemeji yangu Okinyi alipokuja. Huyu ndiye kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na neno lake ndilo linalosikika hapa bomani. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Min Winny," aliniita, yaani mama yake Winny, "nani alikuambia paa la nyumba hii linafunguliwa?"

"Maji."

"Usinichezee. Nyumba ya mjane haiguswi kabla hajarithiwa. Umekataa miaka hii yote, tukanyamaza. Lakini ukifungua paa bila mwanamume wa nyumba, chira haitakuja kwako peke yako. Itamaliza watoto wa boma zima."

Chira ni ile laana ya kuvunja desturi, na kwetu sisi Wajaluo haichezewi. Mume akifa, mwanamume mwingine huingia kwa mjane. Siku hizi si lazima hata alale. Akitundika koti lake ndani ya nyumba, na mkono wake ukawa wa kwanza kufungua paa, wazee wakiona, yamekwisha. Wewe ni wake. Mimi nilikataa kwa sababu nimeokoka, na ahadi niliyoweka mbele ya madhabahu niliiweka kwa mtu mmoja.

"Nitawaombea watoto," nikasema.

"Omba. Huyo Mungu wako atapanda ngazi akushikie bati?"

Nikashika kile kiti nikirudishe ndani. Mara sauti yake ikalainika. "Haya, fanya basi. Sitakuzuia."

Hapo ndipo nilipoogopa. Okinyi akipiga kelele unajua alipo. Akilainika, hujui.

Asubuhi ya kazi, Wesonga alikuja na mtu nisiyemjua.

"Msaidizi wangu ni mgonjwa, mama. Huyu ni Enos. Nimempata njiani hapo, akasema kazi anaijua."

Nilimwangalia huyo Enos. Masharubu yamechongwa, viatu vimepigwa rangi vinang'aa. Fundi gani anapanda paa na viatu vya kwenda harusini? Lakini uji ulikuwa unachemka, nikaingia jikoni.

Niliporudi sebuleni na vikombe, koti jeusi lilikuwa limening'inia kwenye msumari juu ya kiti cha marehemu.

Niliweka vikombe mezani. Nikachungulia dirishani. Kwenye ua, Okinyi na wazee wawili walikuwa wameshakaa kwenye viti vyao vidogo, wametulia kama watu wanaongoja chakula. Na Enos alikuwa ameshakanyaga ngazi, nyundo mkononi.

Nilitoka mbio.

"Enos! Shuka."

"Mama, acha nitoe bati moja tu, nione mbao ziko aje."

"Hilo moja ndilo silitaki. Shuka!"

Akageuza macho upande wa ua, kwa Okinyi. Kisha akapanda hatua nyingine. Nikamshika suruali kwa mikono miwili.

"Ukipanda, utafika huko juu bila hii."

Wesonga alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Kwa nini umeacha koti nyumbani kwangu?"

"Nilisikia joto, mama."

"Jua liko wapi?"

Akashuka, akaniachia nyundo. Niliingia ndani, nikalitoa lile koti kwa mpini wa ufagio, nikalipeleka hadi miguuni pa Okinyi.

"Shemeji, mgeni wako amesahau hili."

Mzee mmoja alificha kicheko mkononi. Okinyi hakucheka. Alisimama.

"Sawa. Tuone basi. Hakuna mwanamume wa hapa atakayegusa bati lako, na huyo fundi wako Mluhya peke yake hawezi."

Nilimgeukia Wesonga.

"Ni kweli, mama," akasema kwa upole. "Haya mabati ni marefu. Lazima mtu ashike upande wa pili."

Upande wa Mbita, ng'ambo ya ziwa, wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Mwanamke hapandi juu ya paa kwetu, sembuse paa la marehemu mumewe. Nilikaza leso kiunoni. Nikasema, Bwana, nishike miguu. Nikapanda.

"Min Winny!" Okinyi alipiga kelele hadi sauti ikakatika. "Unamkanyaga ndugu yangu kichwani!"

Neno lile lilinichoma. Nilisimama kidogo, nikashika ukingo wa paa.

"Ndugu yako alijenga hapa ili nisinyeshewe," nikamwambia, nikang'oa msumari. Wesonga alikuwa amepanda upande wake. Bati lilipiga ukelele, likainuka, mwanga ukaingia ndani ya nyumba.

"Basi nisikie!" Okinyi alininyooshea kidole. "Kuanzia leo hakuna mtu wa boma hili atakayeingia kwako. Ukifa, hatutakaa matanga yako!"

Sitadanganya, nililaza nyundo juu ya bati. Kufa na kukosa mtu wa kukulilia, hakuna Mjaluo asiyeogopa hilo. Wale wazee walikuwa wanabeba viti vyao waende.

Wesonga aliniona. "Mama, tuache? Hili moja naweza kulirudisha, hata halitaonekana."

Niliangalia chini, kwenye lile pengo. Kitanda changu kilionekana wazi, kimepandishwa juu ya matofali, na chini yake maji yanang'aa.

"Shika huko mwisho," nikamwambia. "Tunatoa la pili."