Jina Lako Litakuwepo

Baba alikubali kuja kwa sababu nilimwambia jina langu limewekwa makumbusho. Nilisimama mlangoni mwa duka lake la vipuri, Gerezani, nikasema mbele ya wateja wake: "Jumamosi vaa kanzu safi, nikupeleke ukasome jina la mwanao."

Akacheka, mikono imejaa grisi. "Limeandikwa kwa kosa gani?"

"Kwa shairi."

"Shairi halifungi nati, Awadhi." Wateja wakacheka naye. Hata hivyo alisema atakuja.

Ushairi sikufundishwa na mtu. Mizani nilijifunza kwa vidole vyangu, nimekaa juu ya marobota ya kanga katika duka ninamouza Kariakoo. Wanawake wanakuja, wanakunjua pindo, wanauliza, "Hii jina lake nini?" Nami nawasomea maneno yaliyochapwa pale. Mengi yanachechemea, nane huku, kumi kule. Nilikuwa nayanyoosha kichwani, nikijua nayaweza kuliko walioyatunga. Bado najua hivyo.

Bi Zamzam, mbunifu wa mavazi, alikuwa mteja wetu. Alishona magauni ya kanga yaliyovaliwa hadi Muscat, na alikuwa na mwiko mmoja: mkasi wake haukugusa jina. Wengine wakikata gauni, unakuta "hasidi" iko mgongoni na "hana sababu" imeingia kwapani. Yeye alilizungusha pindo chini ya gauni mpaka maneno yakamilike. Siku moja alinisikia nikikosoa msemo mbele ya wateja, akasema, "Kama unajua sana, nitungie wangu."

Nikamtungia. Mama yangu, Siwema, alikuwa ndiyo kwanza amezikwa. Niliandika: *Mlango haukufungwa, ni wewe hukurejea.*

Bi Zamzam alisoma mara mbili. Akasema atachapisha kanga za gauni moja tu.

"Na jina langu?" nikamuuliza.

"Jina lako litakuwepo, mwanangu. Tena pindo zima."

Wakati huo alikuwa ameshaanza kuumwa. Gauni sikuliona mpaka alipofariki na kazi zake zikakusanywa katika jengo moja la zamani karibu na Posta, lililogeuzwa makumbusho. Nilisikia limewekwa humo, na siku ile na baba ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona.

Pale mlangoni baba aliinama. "Tunavua viatu?"

"Hapana mzee, shikamoo, ingia tu," alisema binti wa mapokezi. Kwenye beji yake iliandikwa Paskalina. Alitutembeza vyumba vyenye baridi ya kiyoyozi, magauni yamevishwa masanamu yasiyo na vichwa. Baba alitembea mikono nyuma kama mtu aliyekuja kutoa pole. Sikuwa na haja na mengine. Nilimvuta hadi chumba cha mwisho.

Gauni lilikuwa la zambarau iliyokaribia weusi. Ubaoni, kando ya gauni, waliandika jina la Bi Zamzam, mwaka, aina ya kitambaa. Chini kabisa: *Msemo wa wahenga.*

Nilisoma tena. Nikamgeukia Paskalina.

"Dada, jina langu liko wapi?"

"Jina la nani, kaka?"

"La mtunzi. Bi Zamzam aliniahidi litakuwepo."

Paskalina akanitazama, kisha akalitazama gauni. "Mbona lipo? Si hilo hapo pindoni?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Neno ninaloulizwa kila siku, na kulijibu kila siku, nililisikia vibaya siku moja tu, ile niliyokuwa najifikiria mwenyewe. Kwa Bi Zamzam jina ni maneno ya kanga. Alisema maneno yangu yatakuwepo pindo zima, na yalikuwepo. Nilitaka kumkasirikia marehemu, nikakosa pa kumshika.

"Walioandaa waliwauliza ndugu zake, hakuna aliyejua nani katunga," alisema Paskalina. "Na kanga huwa hazitajwi mtunzi, kaka."

"Yangu ingetajwa."

"Nitawaambia," akasema kwa ile sauti anayobembelezewa mtoto anayedai mwezi.

Nikageuka kwa baba, nimejiandaa kwa kicheko chake. Hakuwa akicheka. Alikuwa akilizunguka gauni polepole, ameinama, midomo inacheza. Maneno yalizunguka pindo, kwa hiyo naye ilimbidi azunguke ili ayafuate. Alisimama nyuma ya gauni, kwenye *hukurejea*, akakaa pale.

Baba hakumwacha mama kwa talaka. Alioa mke mdogo, akahamia kwake Mbagala, na kwetu Mtaa wa Sikukuu akaacha tu kuja.

"Haya ndiyo yako?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Yangu. Jina halipo, lakini nakuapia baba—"

"Sijauliza jina. Nani mwingine angeyaandika." Akakohoa. "Mama yako alisema hivi?"

"Hakusema kitu. Alikuwa hafungi komeo la mlango usiku. Mpaka alipokufa."

Wakaingia wanawake wawili na simu zao. Mmoja akasoma pindo kwa sauti, akampiga mwenzake bega. "Shoga, hii ndiyo ya kumtumia baba Bryson."

"Asome wapi? Yule macho yake yako kwenye mpira."

Wakacheka. Kisha yule wa kwanza akamgeukia baba kwa adabu. "Samahani mzee, tupishe kidogo tupige picha."

Baba akapisha. Akasimama ukutani na kanzu yake iliyopigwa pasi, akiwatazama wakipanga nyuso zao kando ya maneno yale.

"Wanalipenda hili kuliko yote," Paskalina alimweleza. "Kila anayekuja analipiga picha."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Wanawake walipotoka, alinisogelea, akasema chini kwa chini, "Umenivalisha kanzu, umenileta mbele za watu."

"Nilikuleta usome jina langu."

"Umenisomesha langu."

Akatoka. Ningeweza kumkimbilia. Ningeweza kumwambia kwamba sikufikiria, maana kweli sikufikiria: nilitaka anione mimi, nikasahau kwamba atakuwa anasoma. Lakini mstari ule ulikuwa wa kweli, na hauna kosa la mizani, na kumwomba radhi kwa ajili yake kungekuwa kuuchana. Nikabaki pale hadi Paskalina alipokuja kuzima taa.

Jumatatu nilienda Gerezani. Baba alikuwa nyuma ya kaunta, akifuta bomba la ekzosi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alinitazama usoni, bila hasira, kama anavyowatazama wateja wote. "Karibu. Unatafuta kifaa gani?"

Sina gari. Nilisimama mbele ya kaunta mpaka akaja mtu mwenye shida ya breki, na baba akainuka kumhudumia.